Kikohozi cha Mwalimu Batuli

Mwalimu Batuli aliogopa peke yake kwa zaidi ya mwaka kabla sisi wengine hatujaanza kuogopa. Naliweka hili mbele kwa sababu watu wa mtaa wetu siku hizi wanapenda kusema kwamba waliona, walijua, walishauri. Waongo. Hakuna aliyejua. Mimi na yeye tunagawana ua, kati yetu kuna kizuizi cha makuti tu, na sikujua kitu. Nilikuwa nacheka.

Chuo chake kiko barazani kwake, upande wa kaskazini wa Bagamoyo, nyumba za mwisho kabla ya mabwawa ya chumvi. Ana miaka thelathini na moja anafundisha watoto herufi, dua na sura. Alinifundisha mimi, Sikuzani, akaja akamfundisha binti yangu Wahida. Ana fimbo ndefu ambayo haijawahi kumpiga mtu, inagonga sakafu tu. Na ana pumu ya zamani. Akisomesha, kila baada ya kipande fulani hukohoa, kikohozi kifupi mara mbili, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulipokuwa wadogo tulimwigiza njia nzima tukirudi nyumbani, na mama zetu wakatuchapa kwa hilo.

Alikuwa mtu wa kujisifu kidogo. "Nipeni mtoto yeyote," alikuwa anasema, "akitoka kwangu anasoma." Na kweli walikuwa wanasoma.

Mjukuu wake Mina aliletwa kwake akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, aachishwe ziwa kwa bibi kama tunavyofanya. Mwanawe Mwalimu, Ridhiwani, ana kibarua mbugani Saadani, na mkewe Ummy alikuwa na mimba nyingine. Mtoto alitakiwa akae miezi mitatu. Ummy akajifungua, mtoto wa pili akawa wa kuugua-ugua, miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili.

Alipokuja, Mina alikuwa anasema "mama" na "maji". Nilimsikia mwenyewe. Baada ya miezi michache maneno yote mawili yakapotea. Tukasema analilia ziwa, amenuna, atazoea. Mtoto akiachishwa kwa bibi lazima anyong'onyee, nani asiyejua hilo? Basi tukalifunga jambo hapo, na kwa muda mrefu hakuna aliyelifungua.

Na zaidi, alikuwa mtoto wa adabu. Hapo ndipo tulipopotea sote. Huku kwetu mtoto anafundishwa asimkazie mkubwa macho, na Mina hakumkazia mtu macho. Mtoto anafundishwa asiingilie mazungumzo, na Mina hakuingilia. Mtakunywa kahawa na wageni saa nzima, yeye yuko pembeni anapanga kandambili za wanafunzi, kubwa mwanzo, ndogo mwisho, zote zimeelekea upande mmoja. Mama mmoja akaapa kwamba zinaelekea kibla. Zilikuwa zinaelekea choo changu, lakini nani alinisikiliza? Ukizisogeza, hata moja tu, mtoto alilia mpaka akatapika.

Akitaka maji hakusema, wala hakuonyesha. Alikuja akakamata kifundo cha mkono wa bibi yake, akauvuta mpaka kwenye mtungi, akauacha hapo. Uso hakuutazama. Aliushika ule mkono kama mtu anavyoshika kata ya kutekea maji.

Asubuhi moja nilikuwa namenya mihogo uani, Mwalimu akaja akasimama upande wake wa makuti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sikuzani, Wahida alipokuwa na miaka miwili, alikuwa anakuonyesha vitu?"

"Vitu gani?"

"Chochote. Ndege, paka. Anyooshe kidole, halafu akutazame wewe kama na wewe umeona."

Nikacheka. "Alinichosha, Mwalimu! Kila paka aliyepita mtaa huu nilitakiwa nimwone."

Yeye hakucheka. Alikuwa na leso mkononi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi," akasema, akarudi ndani. Nikaendelea na mihogo yangu. Sasa nikiikumbuka ile leso najisikia vibaya sana.

Mambo ya kliniki alinisimulia baadaye mwenyewe. Alimpeleka Mina kupimwa uzito alipotimiza miaka miwili. Muuguzi aliyekuwa zamu ni Nasim, binti wa wale Wahindi wenye duka la vitambaa, msichana mpole asiye na haraka. Alimpima mtoto, kisha akauliza.

"Bibi, ukimwita jina anaitika?"

"Anaitika."

"Anaonyesha kitu kwa kidole?"

"Anaonyesha."

"Anacheza na watoto wenzake?"

"Anacheza."

Wakati huo huo Mina alikuwa anazunguka chumbani kwa ncha za vidole vya miguu, viganja masikioni, kwa sababu kichanga cha mtu kilikuwa kinalia nje. Nasim akamtazama mtoto, akamtazama bibi. "Mrudishe mwezi ujao, bibi yangu, nimwangalie kwa nafasi."

Hakumrudisha. "Niliogopa neno atakalolisema," aliniambia. "Neno lenyewe sikulijua, lakini nililiogopa." Alishalipima kila upande. Watu watasema mtoto kakaliwa na shetani. Watasema Ummy alikwenda pahali pabaya na mimba yake. Na Ridhiwani ni mtu wa kusikiliza maneno ya watu, angeweza kumwacha mke. Basi mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo mbele ya mwanafunzi alisema uongo mara tatu mbele ya mzani wa watoto, akarudi nyumbani na siri yake.

Kisha Mina akasema.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, wanafunzi wameshaondoka, nikasikia barazani somo linaendelea. "Alifu fataha a, alifu kisira i, alifu dhumma u. Bee fataha ba, bee kisira bi..." Nikadhani kuna mtoto amebakizwa. Nikachungulia. Mina alikuwa peke yake, uso ukutani, anayumba mbele na nyuma, na herufi zinamtoka moja baada ya moja bila kukwama. Alipomaliza tee akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi. Akaendelea mpaka jimu. Hapo akatoa sauti nzito ya mwanamke mzima: "Wahida, toa kidole puani!" Kisha akaendelea na haa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaita majirani, nao wakacheka, wakapiga vigelegele, wakasema mashaallah. Aliyekasirika ni Wahida peke yake. Mtoto hata miaka mitatu hajatimiza, hasemi neno, na ghafla anatoa herufi zote na dua ya kufungia chuo! Wiki mbili hazikuisha, wanawake wakaanza kuja na chupa za maji, Mina aketishwe, asome, wagonjwa wakapewe maji hayo. Msinione mjanja. Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni, na chupa ya lita moja na nusu kwa ajili ya mgongo wa mume wangu Muharami. Mgongo uko vile vile hadi leo.

Wakati sisi tunajaza chupa, Mwalimu Batuli alikuwa ndani ya nyumba yake anatetemeka. Miaka thelathini na moja amesikiliza watoto wakisoma, na alijua jambo moja ambalo sisi hatukulijua. Mtoto anayejifunza anakosea. Anaruka herufi, anarudi, anachanganya, anakutazama usoni aone kama umekasirika. Mina hakukosea. Siku kumi mfululizo bibi yake aliketi nyuma yake akasikiliza, na siku zote kumi kikohozi kilikuja baada ya tee, na Wahida na kidole chake baada ya jimu. Mtoto alikuwa anairudisha siku moja ya chuo, siku ile ile, na kila kilichokuwa ndani yake.

Na mwenye kusema yote hayo alikuwa hawezi kusema "bibi". Akiitwa "Mina!" hata shingo haigeuki. Mwalimu alimwita mchana kutwa, kwa upole, kwa ukali, kwa kumbembeleza, na mtoto aliendelea kutazama kandambili. "Nilikuwa namwita," aliniambia, "moyo unanienda mbio. Nilikuwa naogopa kumwita, Sikuzani, kwa sababu kila nikimwita napata jibu lile lile."

Mwezi wa Maulidi ukafika. Ridhiwani akaja kutoka Saadani na Ummy na kichanga chao. Sifa za binti yake zilikuwa zimemfikia mbugani, na alikuwa amevimba kwa furaha. Alikuwa ameazima spika mbili kubwa na kipaza sauti. Maulidi ya wanawake yangesomwa uwanjani mbele ya chuo baada ya alasiri, na Mina ndiye angefungua.

Ummy alipoingia uani alinyoosha mikono miwili. "Mina! Mama, njoo!" Mtoto akampita kama anapita nguzo, akaenda kwenye kandambili za wageni. Ummy akaja jikoni kwangu akalia. Nikamwambia atazoea. Mimi na atazoea zangu!

Nilimsikia Mwalimu akimwambia mwanawe, "Ridhiwani, mtoto hapendi kelele. Mwache."

"Mama, kipaji kama hiki unataka tukifungie ndani? Watu wanakuja kwa ajili yake."

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Hapo angeweza kusema. Ninajua kwa sababu ameniambia, na ameniambia zaidi ya mara moja, maana kile kimya hakimpi usingizi.

Watu walijaa. Mikeka imetandikwa, marashi yananyunyizwa, ubani unafuka, wasichana wa matari wamekaa mstari wa mbele. Mina alivalishwa kanzu ndogo nyeupe, akaketishwa juu ya mto. Ridhiwani akasogeza kipaza sauti kinywani mwake, akageuka kumpa ishara fundi wa spika. Spika zikapiga ukelele mmoja mkali, ule wa kupasua kichwa. Sote tukaziba masikio. Wasichana wa matari wakadhani ndiyo ishara yao, wakapiga.

Zogo lilichukua dakika mbili, labda tatu. Lilipotulia, mto ulikuwa mtupu.

Mwanzoni hatukuhangaika. Tukatazama ndani, jikoni, chooni, kwangu. Kisha mtu akasema lango la uani liko wazi, na nje ya lango lile hakuna nyumba nyingine. Kuna njia ya mchanga, mikoko, na mabwawa ya chumvi. Siku hiyo ilikuwa bamvua, bahari inapopanda kuliko siku zote, na wenye mabwawa walikuwa wamefungua malango ya mifereji ili maji yaingie.

Wanawake sitini wakatoka mbio wamevaa nguo za Maulidi. "Mina! Mina! Mina wee!" Kila mtu alimwita, kila upande. Ummy alikuwa anaita mpaka sauti ikakatika. Kelele zile zilitanda juu ya mabwawa yote, mfereji huu na ule, na maji yanasikika yakiingia chini yake.

Mwalimu Batuli alikuja nyuma, mkono kifuani, pumzi inapiga filimbi. Alipofika kwenye tuta la kwanza akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyamazeni! Msimwite! Haitiki!"

Tukageuka.

"Haitiki jina lake. Hajawahi kuitika. Nimemwita miaka miwili, haitiki, hajui kama anaitwa. Mkipiga kelele anajificha zaidi. Nyamazeni, nawaomba!"

Ridhiwani alimtazama mama yake kama mtu aliyepigwa. "Mama, unasema nini?"

"Nasema nilichokificha. Nyamaza, mwanangu, utaniuliza baadaye."

Kimya kikashuka. Kilikuwa kibaya kuliko kelele, kwa sababu sasa tulisikia maji peke yake. Mwalimu akajaribu kusoma, "Alifu fataha...", pumu ikamkaba. Alikohoa kikohozi kirefu cha kuvuta, kisichokwisha, akapiga magoti kwenye tope. Alininyooshea mkono nisome mimi.

Nikasoma. Alifu, bee, tee, kwa sauti yangu yote. Nikanyamaza. Hakuna kitu. Ummy akasoma kwa sauti iliyombakia, na yeye hakujibiwa. Tukasoma wote pamoja, wanafunzi wake wa miaka thelathini na moja, na bwawa halikuturudishia kitu. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri sanda ya mtoto ni mita ngapi, Mungu anisamehe.

Mwalimu akasimama kwa kumshika Ridhiwani bega. Alifumba macho. Akavuta pumzi kidogo kidogo mpaka filimbi ikapungua, kisha akasoma, si kwa nguvu, kwa sauti ile ile ya barazani. "Alifu fataha a, alifu kisira i, alifu dhumma u." Akafika tee. Akakohoa mara mbili, kifupi. Akaendelea mpaka jimu, akanyamaza.

Tulisubiri.

Kutoka upande wa kushoto, chini, karibu na lango la mfereji mkubwa, sauti ikaja. "Wahida, toa kidole puani!"

Ridhiwani alishafika kabla sisi hatujaelewa. Mina alikuwa amesimama ndani ya mfereji, amekumbatia mti wa lango, yuko kwenye ncha za vidole vya miguu, maji yamefika kidevuni. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama maji yanavyopita kwenye tundu la lango, na midomo yake inaendelea, haa, khaa, dali. Baba yake alipomnyanyua alipiga kelele na kurusha mateke kwa sababu alitolewa kwenye maji. Hakujua kabisa kwamba alikuwa anakufa.

Wakampa bibi yake. Mina akakamata mkono wa Mwalimu, akauvuta, safari hii si kwenye mtungi. Aliuweka juu ya sikio lake mwenyewe, akaubana hapo. Kisha akatulia.

Njiani kurudi maneno yalikwisha kuanza. Jini la baharini limemwita. Ummy alikosea tangu mimba. Ridhiwani alikuwa anasikiliza, niliona anavyomtazama mkewe. Mwalimu akasimama katikati ya njia, matope mpaka magotini.

"Hakuna jini," akasema. "Kuna uongo wangu. Kliniki waliniuliza nikasema uongo. Anayetaka kumlaumu mtu anilaumu mimi, na kesho asubuhi naenda kuusahihisha. Ridhiwani, utambeba mtoto." Na Ridhiwani akambeba.

Nilikwenda nao. Nasim aliuliza maswali yale yale, taratibu, anaandika.

"Ukimwita jina anaitika?"

"Haitiki," akasema Mwalimu Batuli, na machozi yakaanza kumtoka. Kila swali akalijibu hivyo, akilia, bila kusita.

Waliandikiwa kwenda kwa daktari wa watoto mjini Dar es Salaam, na huko neno likasemwa. Usonji. Mtoto amezaliwa nao, hakuna aliyemletea, si ziwa, si mimba, si shetani, na hakuna maji ya chupa yatakayoutoa. Lakini mtoto anaweza kufundishwa, na akianza mapema ni bora zaidi. Mwalimu aliuliza swali moja tu, kwamba mwaka na zaidi alioupoteza unarudi? Daktari akamwambia tuanze leo. Hakusema unarudi.

Sasa Mina ana miaka mitano. Ummy amehamia hapa na watoto wote wawili. Mtungi umewekwa juu kidogo, na akivuta mkono wa mtu, tunangoja kwanza aonyeshe anachotaka. Siku nyingine ananyoosha kidole. Siku nyingi hanyooshi. Lango la uani lina kufuli, na mimi huamka kuliangalia hata siku ambazo si zamu yangu. Jina lake bado haitiki.

Wiki iliyopita pumu ilimlaza Mwalimu siku nne. Siku ya tano aliniita barazani, akaniketisha pale pale nilipokuwa nakaa nikiwa na miaka sita. Amekonda. Fimbo ilikuwa mapajani mwake.

"Nikiondoka," akasema, "na akapotea tena, nani atamwita?"

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Niliwasikia siku ile. Mlisoma vizuri, hakuwajibu. Ummy nimejaribu naye, ana sauti nyembamba. Wewe ulikuwa unaniigiza ukirudi nyumbani, usifikiri sikujua. Soma."

Nikasoma. Alifu, bee, tee. Mina alikuwa upande wa pili wa baraza, ametugeuzia mgongo, anapanga kandambili.

"Kohoa," akasema Mwalimu.

Nikakohoa mara mbili, nikaendelea mpaka jimu, nikanyamaza. Mina hakugeuka, wala hakusema kitu.

Mwalimu Batuli akagonga sakafu kwa fimbo.

"Sivyo," akasema. "Anza tena."